Ukurasa kwa Kipimo cha Lugha: Matumizi na Ujumi katika Usanifu wa Tovuti za Kiswahili

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa muda mrefu limeachiwa mafundi wa kompyuta, ilhali sehemu yake kubwa ni suala la lugha. Jambo lenyewe ni usanifu wa kurasa za tovuti zinazoandikwa kwa Kiswahili. Wataalamu wa Kiswahili wamejadili sana istilahi za uwanja huu: kama "tarakilishi" lipewe nafasi mbele ya "kompyuta", kama "mtandao" na "wavuti" ni kitu kimoja, kama "kipanya" kimekubalika kwa watumiaji. Mjadala huo ulikuwa wa lazima na umezaa matunda. Hata hivyo, maneno yakishapatikana na kukubalika, bado hubaki swali la jinsi yanavyokaa kwenye ukurasa: upana wa safu, mahali pa kukatia mstari, nafasi ya kitufe, umbo la herufi, uzito wa picha, na sauti inayosikika pale ukurasa unaposomwa na mashine kwa ajili ya asiyeona. Mambo haya nayo huamua kama msomaji atakisoma Kiswahili chake mpaka mwisho au atakiacha njiani.

Katika mafunzo ya usanifu, mahitaji ya ukurasa hugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni mahitaji ya matumizi: ukurasa ufunguke haraka, usomeke, na umpe msomaji alichokijia. La pili ni mahitaji ya ujumi: ukurasa upendeze, uwe na mizani, na umvute msomaji. Mara nyingi makundi haya huonwa kama wapinzani, kila kimoja kikila fungu la mwenzake. Mhadhara huu unadai kwamba, kwa upande wa Kiswahili, mpaka huo si wa asili. Mahitaji yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni umbo la lugha yenyewe. Ukurasa uliopimwa kwa kipimo cha Kiswahili hutumika vizuri na hupendeza kwa sababu ileile. Na ule uliopimwa kwa kipimo cha lugha nyingine, kisha ukavishwa maneno ya Kiswahili, hushindwa katika yote mawili kwa pamoja.

Maudhui na umbo katika historia ya wavuti

Wavuti ilipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na ukurasa wa kwanza ukawekwa hadharani mwaka 1991. Aprili 1993 CERN iliitoa teknolojia hiyo itumiwe na watu wote bila malipo. Lugha ya kuandikia kurasa, HTML, ilikusudiwa kueleza sehemu za matini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo. Haikukusudiwa kueleza rangi wala mapambo. Mwonekano uliachiwa kivinjari cha msomaji.

Hali hiyo haikuwaridhisha waliozoea ukurasa wa kitabu na wa gazeti. Katika miaka ya 1990 wasanifu wengi walitumia majedwali kugawanya ukurasa, ingawa majedwali yaliwekwa kwa ajili ya takwimu, na wengine waliyageuza maneno kuwa picha ili wapate umbo la herufi walilolipenda. Urembo ulipatikana kwa kuharibu maana: kompyuta haikuweza tena kujua kichwa ni kipi na aya ni ipi. Suluhisho lilikuja kwa njia ya CSS, mfumo wa mitindo uliopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kutolewa rasmi na shirika la W3C mwezi Desemba 1996. Mfumo huo ulitenga maudhui na umbo, ili matini ibaki safi na mwonekano wake uandikwe kando. Matini moja ikaweza kuvaa mavazi mbalimbali, kwenye skrini pana na nyembamba, bila kubadilishwa herufi hata moja.

Utengano huu una maana kubwa kwa Kiswahili. Unampa msanifu uhuru wa kulipatia kila andiko umbo linalolifaa. Wakati huohuo unarahisisha tabia ya kuchukua umbo lililokwisha kushonwa kwa lugha nyingine na kuingiza maneno ya Kiswahili ndani yake, kama mtu anayevaa kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mwingine.

Ukurasa wa Kiswahili kabla ya wavuti

Usanifu wa ukurasa haukuingia katika Kiswahili pamoja na kompyuta. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zina mpangilio wake maalumu. Mfano unaojulikana ni Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kinachorudiwa toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika hati nyingi, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama ndogo. Kwa kuwa hati za Kiarabu huanzia kulia, kipande cha nne huangukia upande wa kushoto, na kina cha utenzi mzima hujipanga pale kama nguzo. Msomaji hukiona kina kabla hajakisoma. Mwandishi aliyenakili akiruka kipande, nguzo huvunjika na kosa hujitangaza lenyewe.

Je, mpangilio huo ni wa matumizi au ni wa ujumi? Swali hilo halina jibu la upande mmoja. Nguzo ya vina inapendeza, na hapohapo inalinda usahihi wa matini. Hali ni hiyohiyo katika arudhi kwa jumla: vina na mizani humpa msikilizaji raha ya sikio, na humpa mghani chombo cha kukumbukia beti mamia kwa mamia. Mshairi wa Kiswahili hakuwahi kulazimika kuchagua kati ya uzuri na manufaa ya umbo.

Khanga inatoa mfano wa pili. Nguo hii ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani msemo uliochapwa mahali pake panapojulikana. Pindo huwa na mapambo mengi, lakini haliingilii jina. Herufi za jina kwa kawaida ni kubwa na za wazi, kwa sababu jina lisiposomeka khanga hupoteza nusu ya kazi yake: haiwezi kusifu, kushukuru, kuonya wala kumpiga mtu kijembe. Anayetazama khanga hahitaji kuelekezwa wapi pa kutazama. Kanuni ya kuliwekea kila jambo mahali pake, na kuliwekea pambo mpaka, ilikuwa imekwisha kukomaa kwenye nguo kabla ya skrini kufika pwani ya Afrika Mashariki.

Mfano huu usieleweke vibaya. Kuweka picha ya khanga, mnazi au mlango wa nakshi juu ya ukurasa hakuufanyi ukurasa huo kuwa wa Kiswahili. Hayo ni mapambo ya kitalii ambayo yangeweza kuwekwa juu ya matini ya lugha yoyote. Kinachofaa kurithiwa kutoka kwenye khanga ni nidhamu ya mpangilio wake.

Mshororo, neno na herufi

Nidhamu hiyo inajaribiwa kwanza na skrini ya simu. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa katika vipande viwili, ukwapi na utao, chenye nane kila kimoja. Mshororo wa mizani 16 aghalabu hautoshi katika upana wa simu ya mkononi. Kivinjari kisipoelekezwa huukata mahali popote nafasi inapoishia, pengine baada ya mizani 11. Kina cha kati hupotelea ndani ya mstari, kipande kilichobaki huning'inia chini peke yake, na shairi hufanana na nathari iliyokatwa ovyo. Msomaji asiyeyajua mashairi hataona vina, anayeyajua atakereka.

Tiba yake ni rahisi. Msanifu akiujua muundo wa shairi, hulitenga kila kipande katika maandishi ya HTML, kisha huagiza kwa CSS kwamba skrini ikiwa nyembamba, mstari ukatwe kati ya ukwapi na utao na si mahali pengine. Utenzi nao unaweza kupangwa kwa namna mbili. Kwenye skrini pana, ubeti unaweza kulazwa katika mstari mmoja wenye safu nne kama katika hati za kale, ili nguzo ya kina ionekane. Kwenye simu, vipande vinne hushuka kimoja chini ya kingine, kama vitabu vya hati za Kirumi vilivyozoea kuvichapa. Mbinu ya kuufanya ukurasa ujirekebishe kwa upana wa skrini ilipewa jina na kuelezwa na Ethan Marcotte mwaka 2010. Kwa ushairi wa Kiswahili, mbinu hiyo inaziweka desturi mbili za uandishi katika ukurasa mmoja. Lakini hakuna programu itakayojua peke yake ukwapi unaishia wapi. Lazima awepo mtu anayezijua mizani, na mtu huyo hupatikana katika idara za Kiswahili.

Nathari nayo ina matatizo yake. Kiswahili ni lugha ambishi, na neno moja huweza kubeba sentensi nzima. Neno "tutakapowakumbusha" lina herufi 18 na silabi nane, sawa na mizani ya kipande kizima cha utenzi. Maneno ya namna hii yakiingizwa katika safu nyembamba iliyonyooshwa kingo zote mbili, mianya mikubwa meupe hutokea kati ya neno na neno, na jicho huteleza kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Ni afadhali ukingo wa kulia uachwe huru, au maneno yakatwe kwa kistari. Kiswahili kinakubali kukatwa vizuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu silabi zake ni wazi na nyingi huishia kwa irabu: tu-ta-ka-po-wa-ku-mbu-sha. Lakini kivinjari hakiwezi kukata neno la lugha ambayo hakijapewa kanuni zake, na kikitumia kanuni za Kiingereza kitatenganisha "n" na "y" au "s" na "h". Kanuni za silabi za Kiswahili hufundishwa katika mwaka wa kwanza wa masomo ya fonolojia. Kilichobaki ni kuziandika kwa namna ambayo mashine inaweza kuifuata.

Vitufe huleta tatizo hilohilo kwa umbo dogo. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza lenye herufi nne kitalikata katikati neno "Jiandikishe", lenye herufi 11. Mara nyingi mfasiri huombwa atafute neno fupi zaidi, na hapo ndipo Kiswahili cha vifupisho visivyoeleweka kinapozaliwa. Kilichostahili kubadilishwa ni upana wa kitufe.

Hata umbo la herufi lina uzito wake. Katika aina nyingi za herufi zisizo na vijikia, "I" kubwa na "l" ndogo hufanana kabisa. Jina "Ilala" huanza na herufi hizo mbili zikiwa zimesimama pamoja, nayo maneno "ili" na "ilikuwa" yakianza sentensi huwa vilevile. Msanifu wa ukurasa wa Kiswahili anafaa kuchagua herufi zinazozitofautisha, na akifanya hivyo ukurasa wake hupata pia sura ya utulivu.

Halafu ipo ile alama ndogo ya ng'. Kwenye kompyuta, alama iliyonyooka na ile iliyopinda zinafanana kwa jicho lakini ni herufi mbili zenye namba tofauti. Programu ya uandishi huweza kuipinda bila mwandishi kujua, na anayetafuta "ng'ombe" kwa alama iliyonyooka asione chochote ijapokuwa neno limejaa kwenye ukurasa. Tena alama hiyo haiwezi kuachwa tu, kwani "ng'oa" si "ngoa". Majina ya tovuti hukubali herufi, tarakimu na kistari peke yake, na kwa hiyo mahali kama Chang'ombe na Lang'ata hupoteza sauti yao pindi yanapoingia kwenye anwani. Kwa kuwa anwani hairekebishiki, ni wajibu wa msanifu kuhakikisha kuwa jina sahihi linaonekana kwenye kichwa cha ukurasa, na kwamba mtambo wa kutafutia unazihesabu alama zote mbili kuwa moja.

Sarufi ndani ya ukurasa

Ukurasa wa leo huzungumza na msomaji: humweleza amepata nini, amekosa nini, na afanye nini. Sentensi hizo hutungwa na programu kwa kuunga vipande, kama vile idadi, jina la kitu na kitenzi. Mtindo huo hufaa katika lugha ambayo kitenzi chake hakijali ngeli. Katika Kiswahili huzaa sentensi kama "vitabu 3 imepatikana", ambayo mtoto wa shule ya msingi angeisahihisha. Kitabu kimoja kimepatikana, vitabu vitatu vimepatikana; jarida limepatikana, majarida yamepatikana; picha imepatikana, picha zimepatikana; mtunzi amepatikana, watunzi wamepatikana. Kanuni zinazotumiwa na programu nyingi hukipa Kiswahili migao miwili, umoja na wingi. Migao hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwa sababu upatanisho unahitaji pia ngeli. Yapo masuluhisho mawili. Ama kila nomino iingizwe pamoja na ngeli yake, ama sentensi itungwe upya ikwepe upatanisho: "Vitabu: 3". La pili ni la bei nafuu na halina kosa. Sentensi yenye kosa la ngeli humweleza msomaji kwamba aliyeitengeneza hakumtarajia yeye.

Saa ni mfano wenye hatari zaidi. Katika Kiswahili saa za mchana huhesabiwa kuanzia mapambazuko, na saa moja asubuhi ndiyo 07:00 ya saa za kimataifa. Ratiba ya chombo cha baharini iliyofasiriwa neno kwa neno itaandika "saa 7:00 asubuhi". Msomaji wa Kiswahili ataona mkanganyiko, kwa kuwa saa saba huwa ni mchana, na akifuata tarakimu bila kujali neno "asubuhi" atafika bandarini saa sita baada ya chombo kung'oa nanga. Ukurasa unaoandika "saa 1:00 asubuhi (07:00)" unachukua nafasi ndogo tu zaidi na unaondoa shaka yote.

Lugha ya maonyo nayo ina adabu yake. Msomaji akikosea tarakimu moja ya namba yake, ukurasa unaomwambia "Umekosea!" unamkaripia. Ukurasa unaomwambia "Namba hii haikutambuliwa. Tafadhali iandike tena" unamsaidia. Tofauti hapa ni ya heshima, na ni ya matumizi pia: onyo la pili linasema nini kifanyike.

Suala la kutafuta maneno linawagusa moja kwa moja wanaleksikografia. Kamusi iliyochapwa ililazimika kuchagua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya maneno mengi ya mnyambuliko chini ya shina lao, na msomaji alipaswa kuijua sarufi kabla ya kulipata neno. Kamusi ya wavuti haifungwi na karatasi. Mradi wa Kamusi ulioanzia Chuo Kikuu cha Yale katika miaka ya 1990, chini ya Martin Benjamin, ulionyesha mapema kwamba kamusi ya Kiswahili inaweza kukua kwenye intaneti kwa michango ya watumiaji. Hata hivyo, kisanduku cha kutafutia kinachodai mtu aandike "andika" wakati amekutana na "nilimwandikia" kimeirudisha mezani shida ya mwaka 1939. Mtambo unaofaa huvua viambishi: ni-, -li-, -mw-, kisha kauli ya kutendea, hadi ulifikie shina. Uchanganuzi huo ni mofolojia tupu. Kisanduku kinaweza kuwa na umbo zuri kiasi gani. Kisipojua mofolojia, ni mlango wa nakshi usiofunguka.

Uzito na ufikivu

Hadi nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya eneo hili yalipitia kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo mdogo. Mwendo umeongezeka tangu hapo, lakini watumiaji wengi bado hununua data kwa vifurushi vidogo, na kila kilobaiti hulipiwa.

Kwa upande huu matini ya Kiswahili ina bahati. Katika usimbaji wa UTF-8, kila herufi ya Kirumi inayotumiwa na Kiswahili huchukua baiti moja tu. Utenzi wa beti 1000 hukaa katika kilobaiti 100 hivi. Picha moja kubwa isiyopunguzwa huweza kufikia megabaiti tatu, sawa na tenzi 30 za namna hiyo. Msanifu anayeweka picha kama hiyo juu ya kila ukurasa anamtoza msomaji wake tenzi 30 kabla ya kumpa neno la kwanza.

Mfano mzito zaidi ni wa maandiko ya kale yanayopigwa picha na kuwekwa kwenye wavuti kama picha tupu. Kazi hiyo ina thamani kubwa, kwani huokoa hati zisiliwe na mchwa na unyevu. Lakini picha ya ukurasa ni nzito na ni bubu: haitafutiki, haikuziki vizuri kwenye simu, na haimsemeshi asiyeona. Ni lazima iambatane na unukuzi wa herufi, kwa hati za Kirumi na, inapowezekana, kwa hati za Kiarabu zilizoelekezwa kulia kwenda kushoto. Bila unukuzi, urithi huwa umehifadhiwa bila kufunguliwa.

Mwongozo wa W3C wa ufikivu wa wavuti, katika toleo la 2.0 la Desemba 2008, unadai kwamba tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa 3 kwa 1. Herufi za kijivu hafifu juu ya weupe zinaweza kuonekana za kisasa ndani ya ofisi. Chini ya jua la saa sita mchana, kwenye skrini iliyochubuka, hazisomeki.

Zaidi ya hayo, kila ukurasa unapaswa kutangaza lugha yake. Alama ya kimataifa ya Kiswahili ni "sw", na kuiandika mwanzoni mwa ukurasa ni kazi ya sekunde chache. Isipoandikwa, programu inayowasomea wasioona huweza kuyatamka maneno "wake", "pole", "kale" na "mate" kana kwamba ni ya Kiingereza, na sentensi nzima ikapotea. Tena kosa hili haliwezi kuonwa kwa macho: ukurasa unaweza kusifiwa na kila mwenye kuona huku ukiwa takataka masikioni mwa msomaji asiyeona.

Pingamizi na majibu yake

Zinaweza kutolewa pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya gharama: taasisi nyingi hununua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa, na hazina uwezo wa kuanza upya. Pingamizi hii ina ukweli, lakini mengi yaliyotajwa hapa hayahitaji fedha. Kutangaza lugha, kupunguza picha, kuacha ukingo huru, kuandika saa kwa namna mbili na kukwepa kosa la ngeli ni mambo ya saa chache. Mifano ya kazi kubwa iliyofanywa kwa uwezo mdogo ipo pia. Mwaka 2003 ilianzishwa Wikipedia ya Kiswahili, inayojengwa na wanaojitolea. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelekezo ya Kiswahili.

Pingamizi ya pili inasema kwamba uzuri ni suala la ladha, na kwa hiyo haufundishiki. Katika rangi na mapambo, ladha ina nafasi yake. Lakini mahali pa kukatia mshororo si suala la ladha, wala upatanisho wa ngeli. Uwanja wa Kiswahili umezoea kuhukumu uzuri kwa kanuni zinazojulikana. Ndivyo arudhi inavyofanya kazi. Ukurasa nao unaweza kuhukumiwa hivyo.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa ukurasa wa Kiswahili una vipimo vyake: silabi, kipande, ngeli, shina, hesabu ya saa, na ile alama ndogo ya ng'. Kila kipimo kikifuatwa, ukurasa husomeka upesi zaidi na hupendeza zaidi. Kikipuuzwa, hupungukiwa kotekote. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoweza kusimamiwa na fundi wa kompyuta peke yake, na hakuna kinachoweza kutekelezwa na mwanaisimu asiyekubali kuketi na fundi.

Linalotazamiwa kupotea hapa ni zaidi ya mwonekano. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanajua pia Kiingereza au Kifaransa kwa kiasi fulani, na kwenye tovuti za lugha mbili kitufe cha kubadilisha lugha kiko pembeni daima. Ukurasa wa Kiswahili ukiwa mzito, umekatwa ovyo na umejaa makosa ya ngeli, msomaji hatalalamika. Atabonyeza kitufe hicho, atamaliza shughuli yake kwa lugha nyingine, na atakayehesabu wageni wa tovuti atahitimisha kwamba Kiswahili hakina wasomaji. Ukurasa uliofuata usitengenezwe tena kwa Kiswahili, sababu itaandikwa kuwa ni uhaba wa wasomaji, ilhali wasomaji walikuja na hawakupokewa.

Hivyo basi, idara za Kiswahili zina haki na wajibu wa kuuingiza usanifu wa kurasa katika masomo yake, kando ya leksikografia, tafsiri na uhariri. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini "tutakapowakumbusha" likatwe baada ya "po" na lisikatwe kati ya "m" na "b" anao ujuzi ambao fundi wa kompyuta anauhitaji. Kazi iliyobaki ni kuwakutanisha wawili hao kabla ukurasa haujashonwa.